Oili sili ya krenki ilinivujia mara mbili

Carina Ti yangu, injini ya 5A na gia za mkono, ilianza kuacha doa la oili uani kwangu Mikindani msimu wa korosho ulipoanza. Fundi wa kwanza alisema ni gasketi ya tapeti kava, yaani mfuniko wa juu wa injini. Akaibadilisha, doa likabaki palepale. Nikafuta upande wote wa puli kwa petroli, nikaenda Mtwara mjini na kurudi, kisha nikamulika kwa tochi. Juu kulikuwa kukavu. Oili ilichuruzika chini, nyuma ya puli ya krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), ndani ya kava la taiming belti, ile inayolinganisha mwendo wa krenki na vali. Hapo ndipo inapokaa oili sili, pete ya mpira inayozuia oili isivuje kando ya krenki.

Hapo sikutaka kuchelewa. Belti ya mpira ikilowa oili huoza, na ikikatika injini inazima papo hapo. Nami hubeba abiria hadi Newala, njia ambayo ukishapita Tandahimba usiku usingetamani gari likuzimikie.

Kufungua ndiko kulikochosha. Bolti ya puli ilikataa kabisa, mpaka nikaweka gia ya tano, mdogo wangu akakanyaga breki, nami nikarefusha spana kwa kipande cha bomba. Kabla ya kutoa belti nililinganisha alama za taiming na kuzipaka rangi nyeupe. Sili ya zamani ilikuwa ngumu kama plastiki. Niliichomoa kwa bisibisi iliyofungwa tepu nchani, maana ukikwaruza krenki, hata sili mpya itavuja. Mpya niliipaka oili kwenye mdomo wake wa ndani unaogusa krenki, nikaisukuma taratibu kwa kipande cha bomba la maji chenye upana uleule, nikigonga kwa kuzunguka ili isikae upande. Nikafunga na belti mpya.

Wiki mbili baadaye, doa lilirudi.

Niliumia sana. Nikamwita mjomba wangu, aliyeendesha malori miaka mingi. Hakuinama hata chini ya gari.

"Mpwa wangu, washa. Sasa fungua mfuniko wa oili."

Nilipoulegeza tu, ulianza kurukaruka na moshi ukanipiga usoni.

"Injini yako haipumui," akasema.

Alichomoa vali ya PCV pale juu ya tapeti kava, akaitikisa karibu na sikio langu. Kimya. Ikiwa nzima hulia ndani, kachakacha. Yangu ilikuwa imeganda kwa masizi. Kazi yake ni kuvuta hewa na moshi unaopenya kwenye ringi za pistoni na kuurudisha uchomwe. Ikiziba, presha hujaa chini na kusukuma oili itokee popote penye udhaifu, na sili ndiyo huanza.

Tulifungua tena yote. Mjomba akaniambia nipitishe ukucha juu ya krenki, nikahisi mfereji mwembamba uliochimbwa na mdomo wa sili ya zamani kwa miaka. Mimi nilikuwa nimeizamisha mpya hadi kina kilekile, mdomo ukakaa mferejini. Safari hii tuliiacha nje kidogo, kama milimita 1, iguse sehemu ya krenki isiyochimbwa. Vali ya PCV tukaweka mpya, belti iliyolowa tukaitupa. Belti hiyo iliniuma, ilikuwa na wiki mbili tu.

Tangu hapo nimeshapanda Newala mara nyingi na mizigo. Kila usiku natandika kipande cha boksi chini ya injini, na boksi ni lilelile, kavu.