Kumbukumbu ya mradi wetu wa maji ya mvua: wiki 14 za mwanzo

Wiki ya 1

Tangu tustaafu, mimi kutoka kwenye meza ya uhasibu na mke wangu kutoka wodini, siku zetu zilikuwa zimeanza kufanana kiasi kwamba tuliwahi kubishana asubuhi nzima kama ilikuwa Jumanne au Jumatano. Hata hivyo, kilichoanzisha mradi huu ni ndoo. Bustani yetu ya mboga ina matuta 4, kila moja likiwa na urefu wa mita 3 na upana wa mita 1, na maji yake tumekuwa tukiyabeba kutoka kisimani. Mita hizo 12 za mraba, zikipewa lita 5 kila moja kwa siku, zinahitaji lita 60, yaani ndoo 3 za lita 20. Kwa kuwa hatubebi tena ndoo iliyojaa, ndoo 3 zinageuka safari 6, na goti langu la kushoto huanza kulalamika katika safari ya nne.

Majirani zetu wote ni wakulima wanaoishi kwa jembe, na mvua inaponyesha wao hutazama mashamba. Mimi nilitazama paa. Milimita 1 ya mvua ikiangukia mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Nyumba yetu ina urefu wa mita 9 na upana wa mita 6, na eneo la kuhesabu ni lile ambalo paa linafunika ardhini, si urefu wa bati lenyewe linavyoinama. Tukivuna upande mmoja tu tunapata mita 27 za mraba. Mvua ya milimita 10 ingetoa lita 270, na hata nikikata sehemu 2 kati ya 10 kwa ajili ya maji yanayoruka na kukauka, zinabaki lita 216, ambazo ni maji ya bustani ya siku tatu na nusu. Mke wangu alizisoma tarakimu hizo, akaniuliza kama nina uhakika kwamba hapa hunyesha milimita 10. Sikuwa nao, kwa hiyo kabla ya tangi ilibidi tupate kipimamvua.

Wiki ya 3

Kipimamvua nilikitengeneza mwenyewe kwa chupa yenye kipenyo cha sentimita 6, nikaitia faneli yenye mdomo wa sentimita 12 na kubandika rula ubavuni. Nilikisimamisha kwenye nguzo iliyo mbali na mti wetu mkubwa, umbali usiopungua mara mbili ya kimo chake, ili matawi yasikinge mvua. Saa 3 kamili asubuhi ndiyo saa ya kusoma, kila siku, hata kama hakukunyesha.

Mvua ya kwanza ilipokuja, rula ilionyesha milimita 88. Nilitoka mbio, kwa kadiri ninavyoweza kukimbia, nikawatangazia majirani wawili waliokuwa wakipita. Niliporudi nilimkuta mke wangu ameinamia sufuria ambayo ilikuwa imesahauliwa uani usiku kucha, sufuria yenye kuta zilizonyooka wima, akipima maji yake kwa rula ya pili. Yalikuwa milimita 22.

Nilimweleza kwamba faneli ni pana kuliko chupa mara mbili, hivyo jibu sahihi lazima liwe 44. Alitikisa kichwa na kunyoosha kidole kwenye sufuria. Alikuwa na haki, na mimi niliyefanya kazi na tarakimu kwa miaka mingi nilikuwa nimesahau hesabu ya darasani: kipenyo kikizidishwa mara 2, eneo la mdomo linazidi mara 4, na 88 ukiigawa kwa 4 unapata 22. Rula ya zamani tumeibandua na kuweka kipande cha karatasi ngumu ambacho kila milimita 4 zake zimeandikwa 1.

Jioni hiyo jirani mmoja alikuja na jembe lake begani. Hakuonyesha kujali kama ilikuwa 88 au 22. Alichimba hatua chache kutoka uani kwetu, mahali ambapo ardhi ni ngumu na ina mteremko, akanionyesha kwamba unyevu ulikuwa umeshuka vidole vinne tu. Chini yake udongo ulikuwa vumbi. “Mzee, hiyo 22 yako imekwenda wapi?” aliniuliza. Ilikuwa imetiririka hadi bondeni. Kisha alitia jembe pembeni mwa tuta moja la mke wangu, lililotandazwa nyasi kavu, na likatoka na bonge la udongo mweusi uliolowa hadi mwisho wa bapa. Tangu siku hiyo daftari lina safu mbili: mvua iliyoanguka, na kina cha unyevu kwa kidole.

Wiki ya 6

Tumechagua tangi jeusi la lita 5,000. Weusi huo una kazi yake, maana mwani hauoti mahali pasipo mwanga. Likijaa, maji peke yake yatakuwa na uzito wa tani 5, kwa hiyo msingi umechukua muda kuliko kitu kingine chochote: udongo ulishindiliwa, yakapangwa mawe, kisha ikamwagwa zege pana kuliko kitako cha tangi ili ukingo wowote usining’inie hewani. Zege changa halitakiwi kukauka haraka, nasi tumelimwagilia kwa siku 7 kwa maji ya kisima. Katika wiki hiyo tulibeba ndoo nyingi kuliko wiki yoyote ya bustani, na sikushauriwa kulizungumzia jambo hilo mbele ya mwenzangu.

Tumekubaliana pia, kwa maneno machache, kwamba kati yetu sisi wawili hakuna atakayepanda ngazi.

Wiki ya 9

Gata, yaani mfereji wa kukinga maji ukingoni mwa paa, limefungwa, likafunguliwa, likafungwa tena. Kwa hesabu linahitaji kushuka sentimita 1 kwa kila mita 2, yaani sentimita 4 na nusu katika urefu wote wa mita 9. Fundi alilifunga vizuri kwenye ncha zote mbili, lakini vishikio vilikuwa mbali mno, na katikati gata likalegea kama kamba ya nguo. Siku chache baada ya manyunyu, kijana aliyekuja kusafisha majani alituteremshia kikopo cha maji yaliyokuwa yametuama humo. Mke wangu alikimulika kwa tochi na kuniita. Viluwiluwi vya mbu vilikuwa vikipinda na kunyooka, vikipanda juu kuvuta hewa na kuzama tena. “Hawa wangeruka ndani ya wiki moja au mbili,” alisema kwa sauti ile ile ambayo nadhani wauguzi wadogo waliifahamu vizuri. Fundi aliitwa siku hiyo hiyo, uzi ukavutwa upya, na sasa kuna kishikio kila sentimita 60. Kwenye mdomo wa tangi na kwenye bomba la kumwaga maji ya ziada tumefunga wavu mwembamba.

Ilibaki kazi ya kuyatenga maji ya kwanza, yale yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege. Tulikusudia kuitupa nusu milimita ya mwanzo, ambayo kwa paa letu ni lita 13 na nusu. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10 huchukua karibu lita 8 kwa kila mita, kwa hiyo tumesimamisha kipande cha mita 1.7 kabla ya njia ya kuingia tangini. Bomba hilo likishajaa, maji yanayofuata hulipita. Chini lina kizibo chenye tundu dogo linalodondosha polepole hadi libaki tupu likisubiri mvua nyingine.

Wiki ya 11

Milimita 14! Nilisimama kwenye mpira mwangavu tuliouunga chini ya tangi, ambao ndio kipimo chetu cha kina, nikaona maji yamepanda sentimita 12. Tangi lina kipenyo cha mita 1.8, hivyo kila sentimita ni lita 25 na kitu, na sentimita 12 ni takriban lita 305. Ukijumlisha zile 13 za bomba la uchafu unapata 318 kati ya 378 zilizotarajiwa, yaani asilimia 84. Nilikuwa nimekadiria 80.

Mke wangu alifungua kizibo cha bomba la uchafu. Maji yalitoka meusi kama ya kuoshea sufuria yenye masizi, na hapo hapo akaweka sheria: maji ya tangi ni ya bustani na usafi, si ya kunywa.

Wiki ya 14

Siku 16 zimepita bila tone. Safu yangu imejaa sufuri, lakini safu ya maoni, ambayo yeye ameitwaa bila kuniuliza, haijapungukiwa na habari: “Upepo mkali. Babu ametoka bila sweta.” Yeye hamwagilii kwa tarakimu zangu. Hutia kidole chini ya nyasi, na tuta likiwa bado na unyevu hulipita. Kwa njia hiyo matumizi yameshuka kutoka lita 60 hadi karibu 40 kwa siku, na kwenye mpira maji yanashuka sentimita moja na nusu hivi kila asubuhi. Mvua mbili nzuri za wiki ya 12 zilitupa akiba, nayo bado inatosha.

Hatua inayofuata ni upande wa pili wa paa, ambao ungefikisha mita 54 za mraba. Kikwazo ni ule mti mkubwa, unaoangusha majani juu ya mabati ya upande huo mwaka mzima. Mimi nataka matawi mawili yakatwe. Mke wangu anasema ni hayo mawili hasa yanayomtilia kivuli jioni anapoketi kutengeneza miche, na kwamba hajaona faida ya kumwagilia bustani ambayo hana pa kukaa akiitazama. Tumelizungumza mara tatu. Matawi yapo bado, na katika daftari eneo la kuvunia linaendelea kuandikwa 27.