Hume Alimfikiaje Kant?

Mwaka 1783, katika kitabu chake Prolegomena, mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliandika kwamba David Hume, mwanafalsafa wa Uskoti, ndiye aliyemzindua, miaka mingi nyuma, kutoka katika usingizi wa kukubali mambo bila kuyahoji. Wengi huinukuu kauli hiyo na kuishia hapo. Mimi naona kazi ndiyo kwanza inaanza: ni maandishi gani hasa ya Hume yaliyomfikia?

Kwa waandishi wa Kiingereza, Kant alitegemea tafsiri. Kitabu kikubwa cha Hume kuhusu maumbile ya binadamu kilitoka 1739 na 1740, lakini tafsiri yake kamili ya Kijerumani ilianza kutoka 1790, wakati Uhakiki wa Akili Safi, kitabu kikuu cha Kant, ulishachapishwa tangu 1781. Alichoweza kukisoma mapema ni kile kifupi, kuhusu ufahamu wa binadamu, cha 1748, kilichotafsiriwa 1755. Ndiyo maana ni hatari kuchukua ukurasa wowote wa kitabu kikubwa, kuuweka kando ya ukurasa wa Kant, ukaona vinafanana, ukatangaza kwamba huyu kachota kwa yule. Mjadala wa Hume kuhusu nafsi, kwa mfano, haumo katika kile kifupi. Anayedai kwamba Kant aliujua, basi aonyeshe njia. Mojawapo ipo: James Beattie, mpinzani wa Hume, alinukuu vipande vya kitabu kikubwa, na kazi yake ikatoka kwa Kijerumani mwaka 1772.

Njia ikishathibitika, tazama kilichochukuliwa na kilichokataliwa. Hume anasema tunaona mpira mmoja wa biliadi ukigonga mwingine, na wa pili ukaenda; nguvu inayoulazimisha uende hatuioni. Tunaitarajia kwa mazoea tu. Kant naye anatumia jua na jiwe. Kusema jua likiwaka jiwe hupata joto ni kueleza tulichokiona. Kusema jua ndilo linalolipasha jiwe joto ni kuongeza wazo la sababu. Anakubaliana na Hume kwamba ulazima huo hautoki kwenye macho. Anakataa kwamba unatokana na mazoea: kwake ni akili yenyewe inayoleta wazo hilo, pamoja na mengine, yote 12 katika jedwali lake la mawazo ya msingi ya akili. Amerithi swali la Hume, jibu akaliacha.

Kuna ushahidi mwingine usiopaswa kufichwa. Mwaka 1798 Kant alimwandikia mwanafalsafa mwenzake Christian Garve kwamba kilichomwamsha ni migongano ya akili na yenyewe, na hapo hakumtaja Hume. Wapo wanaoona kauli hizi mbili zinapingana. Sidhani, kwa sababu huenda migongano hiyo nayo ilimfikia kupitia Hume. Mwaka 1771 Johann Georg Hamann, rafiki yake Kant, alichapisha katika gazeti la Königsberg, mji wao, tafsiri ya hitimisho la sehemu ya kwanza ya kitabu kikubwa, bila kumtaja Hume. Na humo ndimo Hume anamosema kwamba akili, ikiachwa ifanye kazi peke yake, hujibomoa yenyewe.