Siku moja maishani mwangu: jezi ya njano

Saa kumi na moja na nusu alfajiri naamka Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu, na kabla ya chai natoka kwenda kwenye kamba kupapasa jezi ya njano kama imekauka. Timu yetu ya voliboli ina jezi za buluu za kutosha, lakini ya njano ni moja tu. Bila hiyo siwezi kuchezesha libero, yule mchezaji wa ulinzi tu, maana sheria inamtaka avae rangi tofauti na wenzake.

Saa moja na nusu niko shuleni. Vipindi viwili vya mazoezi ya viungo na wadogo, basi.

Saa nne, mapumziko, mabinti wangu wa voliboli wanazunguka meza. Natoa vizibo sita vya soda. Tumelirudia somo hili mara nyingi na bado nalipenda: namba ni mahali, kazi ni kitu kingine. Namba 1 ni nyuma kulia, anakotoka mpiga servisi. Wa 2, 3 na 4 wako wavuni, kutoka kulia kwenda kushoto. 5 na 6 nyuma. Tukishinda pointi iliyoanza kwa servisi ya wapinzani, kila mmoja anasogea nafasi moja, kama mishale ya saa inavyozunguka. Lakini mpangaji, yule anayewainulia wenzake mpira wa kushambulia, tunayemwita pasere, anabaki pasere hata akiwa nyuma.

"Mwalimu, sasa anafikaje wavuni?"

Nasogeza vizibo. Akiwa namba 1, nasi tunangoja kupokea, asimtangulie wa namba 2, wala asihamie kushoto mwa wa namba 6. Servisi ikishapigwa, akimbie. Akiwahi kabla, filimbi inalia na pointi imekwenda.

Saa saba, bugali na sambaza, wale samaki wadogo, haraka haraka.

Saa nane na nusu, uwanjani. Ni sakafu ya saruji ukingoni mwa mteremko, na Bukavu mpira ukishika mteremko hausimami, kwa hiyo mtoto mmoja hukaa kule chini kuudaka. Urefu wa wavu wa wanawake, mita 2.24, nimeutia alama ya rangi kwenye nguzo.

Binti wa mwaka wa tano anakataa jezi ya njano. Machozi yanamlenga. "Mwalimu, libero ni kazi ya wafupi. Nyumbani watasema umeninyima kupiga."

Sikumficha. Libero haruhusiwi kuweka ukuta, yaani kuruka wavuni kuzuia shambulio, hapigi servisi, wala hashambulii mpira ulio juu ya wavu. Nafasi yenyewe ililetwa na FIVB, shirikisho la voliboli la dunia, mwaka 1998 ili ulinzi upate nguvu. Nikamfungulia daftari: karibu nusu ya pointi tulizopoteza Jumamosi zilianzia kwenye mapokezi mabaya. Pasere wetu alikuwa akiufukuzia mpira nje ya mistari, na akiwa huko hana la kufanya ila kuurusha juu kwa namba 4, ambako ukuta wa watu wawili umeshajipanga. Mchezaji wetu wa kati aliruka mechi nzima bila kupewa mpira. Hakuna aliyemlilia huyo.

Akavaa, bado kanuna. Servisi ya kwanza ikaenda bondeni. Ya pili pia. Nikamwambia asiukimbilie mpira kwa mikono, atangulize miguu. Baada ya muda, sikuhesabu ngapi, mpira mmoja ukapanda taratibu ukamshukia pasere pale kati ya 2 na 3, bila yeye kuhama hata hatua. Wa kati alikuwa ameshaanza kuruka. Pah! Alipotua alimpita pasere aliyempa mpira, akaenda moja kwa moja kumkumbatia mwenye jezi ya njano.

Saa kumi na mbili giza linaingia, tunakunja wavu.

Saa mbili usiku nimerudi kwenye vizibo. Libero ataingia mahali pa wa kati kila huyu akienda nyuma, na mabadiliko hayo hayahesabiwi pamoja na yale ya kawaida tunayoruhusiwa. Lakini zamu ya servisi ikifika, wa kati lazima arudi apige mwenyewe, na servisi yake ni dhaifu. Kesho nitambakiza saa nzima baada ya wenzake, nyuma ya mstari, na mipira yote mitatu tuliyo nayo.