Plethora sio kujaa tu, ni kujaa hadi kuzidi

Siku hizi hapa Kisumu barua za kuomba kazi nyingi ninazosomea vijana wa mtaa zina neno la Kiingereza plethora ndani, na vile nalipenda hilo neno wacha niliongelee kidogo. Asili yake ni Kigiriki, maana yake kujaa, Waingereza wakalipata kupitia Kilatini, na zamani lilikuwa neno la madaktari kabisa, mtu akiwa mwekundu usoni wanasema damu imezidi mwilini, ana plethora, na tiba yenyewe ni kumtoa damu! Kwa hivyo toka mwanzo huu ni wingi wa kusumbua.

Enda soko la Kibuye Jumapili msimu wa maembe uone. Mama amepanga mafungu mpaka chini ya meza, jioni inaingia, ya chini yameanza kutoa maji na bado anaita "customer kuja nikuongezee", hapo sasa plethora imekaa mahali pake.

Kamusi za leo zinakubali pia maana ya vitu vingi tu, na mimi sina shida na hiyo, ila kwa barua ya kazi, eti plethora of experience, hapana jameni, nani analalamika uzoefu umezidi? Sema miaka uliyofanya kazi na kazi yenyewe.

Ukitaka wingi wa kufurahia tumia galore, limetoka Kiayalandi, go leor, na linakaa nyuma ya jina kama tele yetu: maembe tele, mangoes galore. Usilitangulize.