Mtu Wangu Alikuwa Akianguka Kizungu

Wiki hii nimelifunika neno CRASH, mlio wa mtu kuanguka, kwa rangi nyeupe. Lilikuwa ukurasa wa 11 wa hadithi yangu ya picha, herufi nene zenye miiba, nilizozihangaikia Jumamosi nzima wenzangu walipokwenda mpirani. Aliyeniharibia ni shangazi.

Shangazi amekuja kutoka Mombasa kwa ajili ya kliniki ya macho, na hayo macho yanayosemekana ni mabovu ndiyo yaliyoona. Kurasa zangu nilikuwa nimezianika kwenye meza ya chakula wino ukauke. Akavaa miwani, akazipitia moja moja kama anayechambua mchele, kimya. Kufika ule ukurasa akaniita.

"Mwanangu, huyu bwana ni soja wa wapi?"

"Wa Industrial Area, shangazi. Analinda godauni."

"Mkenya?"

"Mkenya."

"Sasa mbona akianguka, huanguka Kizungu?"

Mama alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilitabasamu kwa adabu, nikachukua kurasa zangu na kwenda chumbani. Huko nikazihesabu. BOOM mbili, SPLASH moja, CRASH tatu. Soja wangu anaongea Kiswahili kitabu kizima, anatukana kwa Kiswahili, anaomba Mungu kwa Kiswahili, lakini mlango ukifungwa au mtu akijikwaa, tunahamia Marekani ghafla. Na mimi sikuwahi kuona. Nilijifunza kuchora kwa kunakili vitabu vya mtumba vilivyotandazwa kando ya barabara mjini, na zile sauti zilikuja navyo, kama lebo inayobaki kwenye kola ya shati ambalo sasa ni lako.

Aibu yenyewe ni kwamba tanakali za sauti, maneno yanayoiga mlio au hali, nilizikariri kwa ajili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Giza totoro, lala fofofo, jifunika gubigubi. Nilizijibu, nikapata alama, nikaziacha kwenye chumba cha mtihani pamoja na kalamu iliyoisha wino.

Niseme kidogo kuhusu kazi hii, kwa wanaosoma hapa mara ya kwanza. Niko muhula wa mwisho wa stashahada, na mradi wa kumalizia ni hadithi ya picha ya kurasa 24. Yangu ni ya usiku mmoja: mvua kubwa, stima imepotea, soja anasikia mtu akitembea ndani ya godauni analolilinda. Ni hivyo tu.

Kilichonisumbua tangu Januari si kuchora, ni maneno. Kiswahili kinakula nafasi! Chukua "hawakutuambia". Herufi 13, neno moja, halipandi juu ya jingine. Anayeandika Kiingereza ana vineno vinne vifupi vya kupanga kama matofali, kiputo chake cha maneno kinakuwa cha duara na kizuri. Changu kinakuwa kirefu kama lori la Mombasa Road. Kuna fremu moja ambapo kiputo kilimfunika soja mpaka kwenye masharubu, na mwalimu akaniuliza kama nimechora mtu au nimechora hotuba.

Dawa yake alitufundisha wiki ya kwanza, nami nikaipuuza kwa sababu ya kiburi cha mkono: andika maneno kwanza, yazungushie kiputo, halafu ndipo umtafutie mtu pa kusimama. Anayependa kuchora hutaka kuanza na uso. Nimerudia kurasa tisa kwa kiburi hicho. Pia nimejifunza kukata. Mtu wa Nairobi aliyelowa saa nane za usiku hasemi sentensi nzima. Anasema "Nani?" Basi.

Sasa turudi kwa shangazi. Jioni nilitoka chumbani nikamwomba msamaha wa kununa (hakuwa hata ameona kwamba nimenuna), nikamuuliza soja aanguke vipi.

"Kaanguka wapi?"

"Nje, kwenye matope."

"Basi tapwi. Ingekuwa mchangani, tifu. Majini, chubwi."

Alisema huku akimenya chungwa, kama anayenitajia bei ya vitunguu. Mimi nilikaa kitako. Yale niliyokariri shuleni kama orodha sikuwahi kuyaona kama mchoro. CRASH haikwambii mtu ameangukia nini. Inabidi uchore mguu ukiteleza, uchore mwili hewani, uchore tope likiruka. Fremu tatu, na nilikuwa nazo zote tatu, zimejaza nusu ya ukurasa. Tapwi inakuja na tope lake. Ukiliandika peke yake gizani, msomaji ameshalowa.

Kwa hiyo nimetoa fremu mbili. Imebaki moja, giza totoro, bila mtu, bila mstari, na chini kwenye kona neno TAPWI kwa maandishi madogo. Nafasi niliyolalamika kwamba lugha hii imeninyang'anya, imenirudishia kwa mkono mwingine. Nimeitumia kwa mazungumzo ya getini yaliyokuwa yamebanana kama abiria wa Jogoo Road saa kumi na mbili jioni.

Baba naye akaingilia. Kwa miaka miwili swali lake kwangu limekuwa moja: hiyo katuni ni kazi ya ofisi gani? Lakini usiku huo alisimama nyuma ya kiti changu, akasema, "Wewe unafikiri umeanzisha?" Akaanza kunihadithia Juha Kalulu, katuni ya Edward Gitau katika gazeti la Taifa Leo, jinsi walivyokuwa wakipokezana gazeti moja watu sita. Darasani tumeonyeshwa jarida la Joe, lililoanzishwa na Hilary Ng'weno na Terry Hirst mwaka 1973, na mimi mwenyewe nililelewa na nakala za Shujaaz za binamu yangu, ile katuni ya Sheng iliyoanza 2010. Kumbe Kalulu alikuwa nyumbani siku zote, kichwani mwa baba, na hatukuwahi kuzungumza.

Swali lake la ofisi bado lipo, lakini. Mwaka jana shirika moja liliniagiza michoro sita ya bango la afya, shilingi 8,000, na nikafurahi kama mtu aliyeokota. Mwaka huu nikamkuta mhusika wangu, masikio yake makubwa yaleyale, kwenye fulana na kwenye majalada ya daftari. Nilikwenda kwa mwalimu nikiwa nimeshaandika barua ya hasira. Akafungua Sheria ya Hakimiliki ya 2001, akanisomea taratibu: kazi ikiwa ya kuagizwa, na hamkuandikiana vinginevyo, haki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeagiza. Ulinzi wa mchoro ni maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo nitakufa, na masikio yale yataendelea kuwafanyia wao kazi. Barua niliichana. Siku hizi nina mkataba wa ukurasa mmoja: michoro mingapi, itumike wapi, haki inabaki kwa nani, marekebisho mara mbili tu, nusu ya malipo kabla ya penseli kugusa karatasi. Wateja wawili wameshakimbia. Mmoja alitia sahihi.

Potifolio nayo, yaani mkusanyiko wa kazi za kumwonyesha mwajiri, sina mengi ya kuisemea. Kazi 12, si 40. Mhusika mmoja aonekane mbele, ubavuni na mgongoni, na awe mtu yuleyule. Kurasa za hadithi zinazofuatana, maana picha moja kali haimwonyeshi mwajiri kama unaweza kusimulia. Naendelea.

Jana nilipeleka kurasa River Road kuulizia bei ya kuchapa. Baada ya kukatakata nilikuwa nimebaki na 22. Fundi hakuangalia hata mchoro mmoja, alihesabu tu. "Karatasi moja ikikunjwa ni kurasa nne. Ishirini na mbili haigawanyiki. Unaacha mbili tupu ama unaongeza?"

Nikakumbuka kwamba katika kitabu cha kurasa 24, ya 12 na ya 13 ndiyo katikati kabisa, pale pini zinapopita, karatasi moja isiyokatika. Na tapwi yangu iko ukurasa wa 11. Msomaji akigeuza, atakuta kurasa mbili nzima za godauni, mvua imekatika, magunia hadi darini, soja mdogo mlangoni ametapakaa tope. Juu yake neno moja: JII.

Nimeianza usiku huu. Imebaki ile fremu ya mwisho, ambapo anaanguka tena, safari hii kwenye sakafu ya saruji. Shangazi anasema ni pu. Mama anasema pu ni ya gunia, si ya mtu. Baba ameita kutoka chumbani kwamba inategemea uzito wa soja. Nimewaambia ana kilo 70, na ubishi umeanza upya.