Albastini ilivyonikwamisha kwenye poka ya karata tatu

Siku naanza mafunzo ya udila, yaani kugawa karata kwa wateja, kwenye kasino moja hapa Dar es Salaam, nilijiona mjuzi. Nimekulia barazani Temeke, albastini, ule mchezo wetu wa karata, naicheza tangu kidato cha kwanza, na turufu zilizobaki nazihesabu kichwani bila tabu. Siku ya pili tu nikaumbuka.

Mwalimu wetu, mama mmoja mkavu tuliyemwita Madamu, alitandaza mikono miwili ya karata tatu tatu kwenye kitambaa cha kijani: 5, 6 na 7 za aina zilizochanganyika huku, kopa tatu kule. "Nani kashinda?" Nikawahi: kopa! Kwenye poka ya karata tano niliyokuwa nacheza kwenye simu, flashi, karata zote za aina moja, humla streti, karata zinazofuatana. Akazoa karata. "Kijana, umeshamlipa asiyestahili."

Mchana nikaharibu tena, safari hii kwa sababu ya baraza. Albastini yetu saba humla kingi, na jeki ni mkubwa kwa kwini. Mkono ukasita hewani, Madamu ananitazama.

Jioni nikamkalisha mdogo wangu tufanye mazoezi. Mama hataki kamari ndani kwake, kwa hiyo badala ya chipu, vile vidude vya kuwekea dau, tukatumia mbegu za ubuyu, ule mwekundu wa pakiti. Nikaamua kuacha kukariri, nikachukua daftari nihesabu mwenyewe kwa nini streti iwe juu.

Ukigawa karata tatu kutoka kwenye 52, kuna mikono 22,100 inayoweza kutoka. Mifuatano, kuanzia ree (A)-2-3 hadi kwini-kingi-ree, iko 12. Kila karata iko katika aina nne, kwa hiyo kila mfuatano hupatikana kwa namna 64, jumla 768. Toa 48 ambazo ni za aina moja tupu, zinabaki 720. Flashi je? Tatu kutoka 13 ni namna 286, zidisha kwa nne zile aina, 1,144, toa zile 48. Inabaki 1,096. Basi! Kwa karata tatu streti ni adimu kuliko flashi. Karata tatu zinazofanana ziko 52 tu, na streti ya aina moja, 48, ndiyo inakaa juu ya zote. Sikuangalia tena karatasi ya Madamu yenye mpangilio wa mikono.

Yaliyobaki hayakunisumbua sana. Mchezo huu aliubuni Mwingereza, Derek Webb, mwaka 1994, na una mwendo wa haraka. Mteja anaweka dau la kwanza, ante, anapewa karata tatu. Hazipendi, anazitupa na ante inakwenda. Anazipenda, anaongeza dau la pili linalolingana na ante, ndipo dila anafunua zake. Dila asipokuwa na kwini au zaidi, hajafuzu: ante inalipwa kiasi kilekile kilichowekwa, dau la pili linarudi kama lilivyo. Hapa wanafunzi wengi tulikosea, tukilipa yote mawili. Na dila kutofuzu hutokea kama mara tatu katika kila kumi, si dogo. Streti ya mteja, kwa jedwali letu la malipo, ina ziada ya ante hata kama dila kamshinda. Hilo nalo nililisahau mara mbili.

Mteja makini, alituambia Madamu, hucheza kuanzia kwini-6-4, chini ya hapo anatupa. Hata hivyo nyumba, yaani kasino, inakula, maana anayetupa kapoteza kabla hajaona za dila.

Siku ya tatu ya mazoezi mdogo wangu akaanza kunipiga kila mkono. Nilishangaa, hadi nilipoziinua karata kwenye taa: ree zote nne zina alama ya kidole chekundu mgongoni. Rangi ya ubuyu. Anasema ilitokea tu. Nikanunua karata mpya, na chipu zikawa maharage.

Usiku wa kuamkia mtihani Mama alisimama mlangoni muda mrefu, mwishowe akavuta kigoda. "Hebu nigawie na mimi, niyaone hayo mambo yenyewe." Nikampa tatu. Akasukuma maharage yake yote mbele bila kuuliza, akafunua 7, 4 na 2.

"Saba yangu inamla huyo," akasema, akionyesha kingi wangu. "Nilipe."

Ilibidi nimweleze upya, toka mwanzo.