Zambarau ya watu

Basi lilituingiza Arusha jua likizama, na hapo ndipo nilipoanza kuona rangi ya zambarau. Kesho yake tukavuka Namanga, na mchana nikawa Nairobi. Oktoba, mijakaranda, miti ya maua ya zambarau, imechanua barabara hadi barabara.

Niseme ukweli, nilikwenda na wivu. Miaka minne nimelea mjakaranda uani kwangu Dar. Umerefuka, umepita ukuta, lakini haujatoa ua hata moja.

Karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi niliinama nikaokota ua kwenye lami. Umbo lake tarumbeta ndogo, laini kama kope, na ndani nyuki bado yuko kazini, hana habari kwamba duka limeshaanguka.

Siku ya pili nikaenda Arboretum, bustani iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribu ni miti gani ya kigeni itaikubali hewa ya Nairobi. Wakati huo treni za reli zilikuwa na njaa ya kuni. Mzee mmoja alikuwa anafagia.

"Shikamoo mzee."

Akacheka. "Marahaba! Wewe umetoka Tanzania."

Nikamweleza habari za mti wangu. "Huko kwenu ni joto," akasema. "Huu pia ni mgeni, ulitoka Amerika Kusini, lakini baridi ya huku juu imeupenda." Kweli, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Sisi Dar tunatoka jasho hata usiku wa manane.

Akaniokotea tumba la kibobakasi, mti ambao huko wanauita Nandi flame. "Huu sasa ndio wa kwetu." Akalitoboa nchani, akaliminya, maji yakanirukia usoni. Alicheka kama mtoto wa miaka saba.

"Na Dar mna nini?"

Nikamtajia mikrismasi. Asili yake Madagaska, lakini ikifika Desemba inawaka maua mekundu mtaa mzima.

"Basi huku unatafuta nini?"

Sikuwa na jibu. Simu yangu ilikuwa na picha mia na kitu za mijakaranda. Ya mkrismasi wa mtaani kwetu, hakuna.

Niliporudi nilishuka bodaboda chini ya mti huo, mzigo ungali begani, nikatazama juu. Maganda makavu yananing'inia kama mapanga, yanagongana kwa upepo. Na kwenye tawi la upande wa duka la mangi, kitone kimoja chekundu.